Besi ya Aroni Haisikiki

Siku shemeji yake alipotangaza mbele ya ukoo mzima kwamba Aroni hakuwahi kuimba, Aroni alikuwa ameshika paja la kuku, na lile paja likabaki hewani hivyo hivyo, halirudi sahanini wala haliendi mdomoni.

Ilikuwa sherehe ya kipaimara nyumbani kwa huyo shemeji, Sosthenes, pale Kihesa, Iringa mjini. Sosthenes ndiye kaka mkubwa wa Benedicta, mke wa Aroni. Alikuwa mwalimu mkuu, akastaafu, lakini mdomo haukustaafu naye. Mpaka leo akiomba chumvi mezani utadhani anatangaza matokeo ya mtihani. Na siku hiyo alikuwa na jipya la kuringia: spika mbili ndefu, zile za kusimama sakafuni zenyewe bila meza, kimo cha mtoto wa shule, kila moja ina macho manne meusi yamepangana kuanzia kichwani hadi miguuni. Zimetoka Dar, alisema. Alisema hivyo kwa kila mgeni, na kwa wengine alirudia wakati wa kunawa.

Basi baada ya chakula, kwa kumheshimu shemeji aliyetoka Mbeya, Sosthenes akachomeka flashi yenye wimbo wa kwaya ya usharika wa Aroni. Ni wimbo wa zamani, wa enzi za kaseti, unaosimulia kuvuka mto. Soprano wanapanda, alto wanafuata, wanaume wa sauti ya tena wanajibu, halafu wote wananyamaza kwa pamoja, kinanda kinagusa kidogo, na besi moja peke yake inashuka: "Nitashuka, nitashuka majini." Hiyo besi moja ni Aroni. Hakuna mwingine. Mwalimu Lugano, aliyefundisha kwaya ile, alichagua katika wanaume wote wa besi akasema hapa aimbe Aroni tu, wengine mfunge midomo.

Wimbo ukapanda, ukajibiwa, ukafika pale. Wote wakanyamaza. Kinanda kikagusa. Halafu pakawa kimya, kimya cha umeme uliokatika. Kilichosikika ni mtu mmoja uani anasugua sufuria. Kisha soprano wakarudi, wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichopotea.

Sosthenes akainua kidole. "Hapo, jamani, mmesikia? Hapo ndipo shemeji Aroni anapoimba."

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Aroni akasema spika mbovu. Sosthenes akampapasa bega kwa huruma ya kiualimu. "Kihesa nzima hakuna spika kubwa kuliko hizi. Kama humu haumo, shemeji, basi haumo."

Kicheko cha watu wengine Aroni angekimeza. Lakini alipogeuka alimwona Benedicta, mama Mercy wake, ameficha mdomo kwa upindo wa kitenge, na mabega yanatikisika.

Sasa kabla hamjasema kwamba mtu mzima gani huyu ananuna kwa ajili ya wimbo, mjue kwanza Aroni ni nani. Ni Mnyakyusa wa Rungwe aliyeishia darasa la saba, akaanza utingo, akapanda mpaka usukani. Maisha yake yote ni barabara moja: anapakia mchele Igawa anaushusha Iringa, anateremka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, anarudi navyo Mbeya. Sauti yake ndiyo iliyomtangulia kila kituo. Akisalimia Igawa, mama lishe wa upande wa pili wa barabara anaanza kupakua wali bila kuulizwa. Inasemekana siku moja alimwita mwenzake kwa jina, na basi lililokuwa linapita likafunga breki, dereva akidhani ameitwa yeye.

Sauti hiyo ndiyo mwalimu Lugano aliyoisikia, akaipeleka kanisani. Aroni hakujua kusoma nota, na mpaka leo hajui. Alijifunza sehemu yake kwa kuimba ndani ya lori, anapanda milima ya Kitonga na mzigo wa vitunguu, injini inalia na yeye analia juu yake. Wenzake wana vyeti ukutani, wana mashamba ya miti Mafinga, wana watoto waliofika chuo. Yeye ana ule mstari mmoja. Na mwalimu Lugano ameshazikwa, kwaya imetawanyika, studio waliyorekodia siku hizi ni duka la vipodozi. Shahidi aliyebaki ni ule wimbo, na ule wimbo, mbele ya ukoo wote, umekana kumjua.

Na Sosthenes hakuachia hapo. Watoto wake walimbatiza Aroni jina la Bwana Kimya. Kabla fuso, lori lake, haijatoka vizuri Iringa, kwenye grupu la ukoo kulikuwa na sauti imetumwa, ukiibonyeza husikii kitu, na chini Sosthenes ameandika: "Aroni akiimba." Mashangazi waliokuwa hawajaandika neno tangu msiba uliopita wakaibuka na vikatuni vya kucheka.

Basi Aroni akaanza kuisaka besi yake ndani ya ule wimbo kila mahali penye umeme. Kwenye simu, haimo. Kwenye redio ya fuso, haimo. Kinyozi mmoja wa Uyole ana sabufa inayotikisa vioo vya jirani, Aroni akasema hapa sasa. Sabufa ikaukamata wimbo wa Mungu ikaupiga du, du, du, tangu soprano mpaka amina, hata mto wenyewe ukawa disko, na pale pa besi ikapiga du moja ndefu ambayo ingeweza kuwa Aroni au mlango wa kontena. Akatoka pale nusu kichwa kimenyolewa, anafoka barabarani. Zamani, alisema, redio ya mbao ya baba yake iliweza kukohoa kama binadamu, ukajua mtangazaji ana mafua. Leo watu wanasikiliza muziki kwenye kitu cha ukubwa wa andazi, wamefunga macho, wanatikisa kichwa, na nusu ya watu walioimba mle wamefutwa bila hata kupewa taarifa. Na anayelalamika anaitwa mshamba.

Akaamua kununua spika ndefu. Kama Sosthenes anazo, yeye atakuwa nazo, tena nzuri zaidi, na mambo yataisha.

Alikwenda Mwanjelwa, pale Mbeya, kwenye duka moja lenye vioo, akazikuta zimesimama mlangoni, ndugu kabisa wa zile za Kihesa, macho manne kila moja. Muuzaji akawasha muziki. Sasa, Aroni ni dereva, na dereva haamini sikio peke yake. Akichuchumaa karibu na tairi, akaweka kiganja, anajua beringi inaumwa au haiumwi. Akachuchumaa hivyo hivyo mbele ya spika, akaweka kiganja kwenye jicho la juu. Linatetemeka. La pili, halitetemeki. La tatu, baridi kama kaburi. La nne, kiganja kikakuta plastiki ngumu iliyobandikwa, ukigonga inajibu kama beseni.

"Haya mengine mbona yamekufa?" akauliza.

"Hayajafa mzee. Hayo ni ya muonekano."

"Muonekano."

"Yanapendezesha sebule."

Aroni alisimama polepole. "Kijana, nikikuuzia fuso ina matairi sita, manne nimeyachora kwa rangi, utapanda na mkeo?"

Muuzaji akacheka, tena bila ubaya wowote, akasema mzee, wateja wanapenda hivyo hivyo, wakiona jicho moja wanadai tumewapunja. Hilo ndilo lililomkata Aroni maini. Si kwamba kuna mjanja kiwandani anachora macho, wajanja wapo tangu dunia ianze. Ni kwamba wanunuzi wenyewe wameyadai. Kijana, kwa kutaka amani, akamwonyesha nyingine ndani ya kabati la kioo, za kweli, zimetoka Ulaya, kila jicho linafanya kazi yake. Aroni aliposikia bei akauliza kama ni pamoja na nyumba ya kuziwekea.

Kabla hajatoka pale dukani alikuwa ameshampigia Sosthenes. Akamweleza kila kitu kwa sauti ambayo wateja wote walitulia kusikiliza: macho yako matatu ni sanamu, shemeji, weka mkono uone. Sosthenes akajibu kwamba yeye ni mtu mzima, hawezi kupiga magoti sebuleni kwake kupapasa vitu. Akaongeza kwamba wivu ni ugonjwa, akakata simu.

Hapo ndipo Aroni akaenda kwa Faraji. Faraji ni fundi redio, kibanda chake kiko nyuma ya soko, ana babu zake wa Bagamoyo lakini yeye kazaliwa Mbeya hiyo hiyo na baridi yake yote. Ukimpelekea redio anaanza kwa kuicheka, halafu anakucheka wewe, halafu anaitengeneza.

"Mzee Aroni, wewe sauti yako nene, siyo?" alimwambia. "Sauti nene inataka hewa. Inataka sanduku. Ukiiweka kwenye kitu kama andazi ni sawa na kumwambia ng'ombe alie ndani ya chupa." Akavuta chini ya meza spika mbili zilizokuwa za ukumbi mmoja wa harusi uliovunjwa, nzito, zina sumaku kama jiwe la kusagia. "Hizi zina roho bado. Na twita, zile ndogo za sauti nyembamba, nitakupa. Usinunue, jenga. Mimi sina sanduku, tafuta seremala."

Ndipo mtihani ulipoanza, maana kujenga kulimpa Aroni aibu ambayo hakuitarajia. Kitu cha dukani kina boksi, kina waranti, kina jina la kizungu mbele. Mgeni akiingia anaona jina, anakaa kwa adabu. Kitu cha seremala mgeni anauliza, "Hiki nacho ni nini?" Aroni aliwaza hayo njia nzima hadi Igawa, na kadiri alivyowaza hasira ikawa inabadilika anwani. Wanaume waliopanda hii miti ya mbao anawajua. Seremala anayeweza kukujengea kitanda ukazalia watoto wote juu yake anamjua. Lakini kitanda hicho hicho mtu atakiita cha kienyeji, aende kununua cha unga wa mbao kilichogandishwa kwa gundi, kikipata maji kinavimba kama mkate, na atakisifu kwa sababu kimekuja na nailoni. Kitu kinachodanganya kikitoka mbali tunakipa nafasi ya mbele sebuleni. Kinachosema kweli kikitoka kwa seremala wa Ipogolo tunakiweka stoo. Alikuwa anayasema haya kwa sauti, peke yake ndani ya lori, anapiga usukani.

Akamweleza Benedicta. Benedicta alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Baba Mercy, hii nyumba haina silingi bodi, ukitazama juu unaona misumari. Wewe unataka makabati ya kuimba. Si umwache kaka, mdomo wake unaujua."

"Mdomo wake naujua. Wewe pia ulicheka."

Vidole vya Benedicta vikasimama juu ya ungo. Akasema, pole pole, kwamba alicheka kwa sababu wote walicheka.

"Wewe ulikuwepo siku ile tunarekodi," Aroni akasema. "Umekaa kwenye benchi nje ya studio, una mimba ya Mercy. Uliniambia ulisikia mpaka nje."

Benedicta alichambua tena kidogo, akatupa kijiwe. "Jenga," akasema. "Lakini yasizidi kabati langu la vyombo."

Seremala alikuwa Jailos wa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, pale malori yanapopumzika. Jailos anatengeneza makabati, mimbari na majeneza, na anasema kazi zote tatu ni moja, tofauti ni nani anaingia. Walisalimiana kwa Kihehe, kamwene, Aroni akatoa vipimo vya Faraji. Jailos akatazama, akauliza milango itakuwa upande gani. Akaambiwa hakuna milango. Akauliza shelfu. Hakuna shelfu. Akapendekeza kioo mbele ili angalau mtu ajitazame. Akakataliwa. Alipofika kwenye tundu, kwamba kila sanduku litobolewe tundu la ngumi chini nyuma ili hewa ya besi itoke, Jailos akaweka penseli chini.

"Dereva, kazi yangu haijawahi kutoka na tundu. Nitobolee tundu kabati zima, watu waseme nini? Na panya je?"

Walibishana juu ya hilo tundu kuliko walivyobishana juu ya kitu kingine chochote. Aroni alimwambia bila tundu sanduku linabana pumzi kama mtu aliyefungwa tai. Jailos alimwambia yeye mwenyewe anafunga tai kila Jumapili na anapumua. Mwishowe akatoboa, amekunja uso, kisha akalisugua msasa lile tundu kwa upendo ambao hakuweza kuuficha. Plaiwudi ilikuwa nene ya Mafinga, nje kabandika mninga, ndani wakatandika sufi ya mito ili sauti isigongane na kuta. Yalipokauka vanishi, mtu angeweza kujiona uso bila hicho kioo.

Aroni akayasafirisha juu ya fuso, yamevikwa mablanketi, yamelala juu ya magunia ya vitunguu. Kila aliposimama watu walivua kofia. Igawa mama lishe mmoja alimpa pole, akauliza marehemu ni mapacha.

Faraji alikuja nyumbani kwa Aroni Ilomba kufunga spika ndani ya masanduku. Akaunganisha amplifaya, akajaribu kwa taarabu kutoka kwenye simu yake, akafumba macho, akasema hata bibi yake angesimama kucheza. Akamwambia Aroni alete flashi yake.

Aroni akakataa. Alisema wasubiri siku ya ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa Mercy, shemeji atakuja, na wimbo utapigwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi ili asije akaambiwa ameuchakachua. Ilikuwa sababu nzuri, alimwambia Faraji na akaiamini nusu. Nusu nyingine alibaki nayo mwenyewe. Kama angeuweka sasa, na kinanda kikagusa, na kisha pakawa kimya, angefanya nini? Sanduku lingekuwa lake, fundi wake, mbao zake. Asingekuwa na mtu wa kumlaumu tena.

Siku ya ubatizo nyumba ilijaa. Sosthenes aliingia na suti ya kahawia, akasimama katikati ya sebule, akatazama yale masanduku mawili marefu pembeni ya ukuta. "Shemeji," akasema, "moja ni lako. La pili tunazika nani?"

Aroni naye akageuka kuyatazama. Alikuwa amerudi tu kutoka kanisani na hakuwa ameyaona masanduku yake tangu asubuhi. Sasa yalikuwa yamevaa. Mama Mercy, ambaye hakuna kitu nyumbani mwake kinachokaa uchi mbele ya wageni, alikuwa amevitoa vile vitambaa vyake bora, alivyofuma mwenyewe kwa uzi mzito na kuvitia wanga vikakakamaa, akaviteremsha toka juu hadi katikati ya kila spika. Juu ya kila kimoja akaweka chombo cha maua ya plastiki. Kwa kweli yalipendeza. Aroni aliona, akaona pia kwamba wageni wanaona, na hakuthubutu kuyavua. Akachomeka flashi.

Soprano wakapanda, lakini kama waliofunikwa shuka. Alto hivyo hivyo, na wanaume wa tena. Wote wakanyamaza. Kinanda kikagusa. Na pale, mbali sana, kitu kikanguruma, kama mtu anayeongea na ng'ombe nyumba ya pili. Kisha soprano wakarudi.

Sosthenes akaitikia kwa kichwa kama anayetoa maksi. "Tuseme ukweli, shemeji amesogea. Zamani alikuwa Zambia, sasa yuko jikoni."

Kicheko kikaanza upya. Aroni akasimama, damu imempanda mpaka masikioni. Kwa sekunde chache aliwachukia wote kwa zamu: Jailos na msasa wake, Faraji na taarabu yake, kiwanda cha macho ya kuchora, redio za andazi, na mwalimu Lugano kwa kufa mapema. Akavuta kitambaa cha kwanza, maua yakaanguka. Akavuta cha pili. Akapita nyuma ya sanduku, akapiga magoti mbele ya wageni wote na suti yake ya ubatizo, akaingiza mkono kwenye tundu.

Mkono ukakutana na kitu laini. Akavuta. Ikatoka soksi. Akavuta tena, kikatoka kipande cha kitenge kuukuu, kirefu, kinakuja tu, watu wanatazama kama wanaoangalia mazingaombwe. Akahamia la pili, nalo hivyo hivyo, na mwisho wake gazeti limekunjwakunjwa.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi," akasema Benedicta, amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Mama Mercy, umeniziba mdomo."

"Nimeziba panya. Magunia ya mpunga yako hapo nyuma ya kochi, baba Mercy, na humo ndani mmejaza sufi. Ulitaka wazalie humo? Ungeniambia hilo tundu ni la nini. Mmenieleza? Wewe na Faraji mnaongea lugha yenu, mimi nafagia."

Benedicta akaweka chai mezani, akapita katikati ya watu, akaenda mwenyewe kwenye amplifaya. Hakuwa amewahi kuigusa. Akatafuta kitufe, akabonyeza kibaya, akabonyeza kingine, na wimbo ukaanza tangu mwanzo.

Soprano wakaingia safi kama maji ya mto Kiwira. Ukasikia hata pumzi wanazovuta kabla ya mstari. Alto wakafuata, ukaweza kumtambua nani ni nani. Wanaume wa tena wakajibu. Wote wakanyamaza. Kinanda kikagusa.

"Nitashuka," besi ikasema, na vikombe kwenye kabati la vyombo vikatetemeka juu ya visahani vyake, "nitashuka majini." Ilikuwa sauti ya kijana, haijala vumbi la barabara bado. Ilishuka taratibu, ikapita pale ambapo watu walidhani ndiyo mwisho, ikashuka tena ngazi moja chini yake, ikakaa. Mtoto aliyebatizwa, aliyekuwa analia tangu chakula, alinyamaza akatafuta kwa macho aliyeongea. Benedicta hakuondoa mkono wake juu ya amplifaya.

Soprano waliporudi, Sosthenes akasema, "Rudisha hapo."

Benedicta akarudisha. Sosthenes alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kinapiga paja.

"Rudisha tena."

Akarudisha.

"Umechelewa," Sosthenes akasema.

Aroni hakuelewa. "Nimechelewa wapi?"

"Kinanda kimeingia, wewe hujaingia. Halafu ndipo unaingia. Sikiliza." Wakasikiliza, sasa wageni wote wamenyoosha shingo, na kweli, jamani, hakuna wa kumtetea: kati ya kinanda na Aroni palikuwa na nafasi ya kuvukia kuku. Minong'ono ikapita sebuleni. Mercy akasema baba kweli umechelewa kidogo. Bibi mmoja aliyeimba zamani kwenye kwaya ile akathibitisha kwamba hata siku ile mwalimu Lugano alikunja uso.

"Kwanza jibu swali," Aroni akamwambia Sosthenes. "Nimo au simo?"

Sosthenes akajikohoza.

"Mwalimu, nimo au simo?"

"Umo," Sosthenes akasema. "Umo, shemeji. Umechelewa, lakini umo."

Mtu mwingine angeishia hapo, akanywa chai yake. Aroni aliwaka upya kuliko siku ya paja la kuku. Yeye amechelewa? Mtu aliyeendesha mizigo barabara ile ujana wake wote bila vitunguu kuozea njiani? Ni kinanda ndicho kilichokimbia. Yule mpiga kinanda alikuwa Msangu mmoja mwenye haraka, alikuwa anawahi basi. Muulizeni yeyote. Sosthenes akasema kinanda hakina miguu, kinafuata hesabu. Aroni akasema hesabu za ubaoni hazipandi Kitonga. Chai ilipoa. Mchungaji aliyekaribishwa kufunga kwa sala alikaa, akasimama, akakaa tena, na mwishowe akaulizwa yeye anaonaje, akasema labda wasikilize mara moja zaidi.

Benedicta akarudisha. Aroni akasimama katikati ya spika zake, kidole juu, kusubiri mahali pa kuwaonyesha. "Mmesikia? Kimekimbia. Rudisha, mama Mercy." Akarudisha. Sosthenes akatikisa kichwa, akadai irudishwe tena ili ahesabu kwa kidole. Na kila walipoirudisha kuthibitisha kosa lake, wote walinyamaza, kinanda kikagusa, na Aroni akashuka majini.